Kutayarisha Peugeot 404 ya zamani kwa mbio za istorike: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Karibu kila mwezi kuna mtu ananitumia voisi mu WhatsApp: yaya, niko na 404 ya marehemu papa, inalala mu parseli chini ya muti wa embe, naweza kuingia nayo mu zile mbio za motoka za zamani? Nimechoka kujibu vipande vipande, leo naandika yote fasi moja. Aliye na kahawa akamate kahawa yake, aliye na haraka aruke mpaka kwenye freni juu pale njo watu wanakufa.

Neno moja kabla hatujashika ufunguo. Sisi wa Lubumbashi tumekomaa na Artikle 15, yaani kujitafutia njia na kile kilichopo. Pompi ya esanse ikikufa tunaweka ya Toyota, bobini ikichomeka tunatafuta ya Nissan, motoka inatembea, tunasema Mungu mkubwa. Kwenye mbio za istorike hesabu inageuka. Komiseri tekniki (mkaguzi wa motoka) hakuulizi kama inatembea, anakuuliza kama ilikuwa hivi wakati wake. Piyesi mpya inayofanya kazi vizuri kuliko ya zamani inaweza kukutoa mu mbio, na piyesi iliyotengenezwa na mzee wa turu (mashini ya kuchonga chuma) pale Kenya (komini yetu, siyo ile inchi) ikifanana na ya kwanza inapita bila shida. Kwa hiyo mu huu mwongozo nitakuwa naonyesha fasi Artikle 15 inaruhusiwa na fasi itakurudisha nyumbani.

CHAGUA MBIO KWANZA, MOTOKA BAADAYE

Watu wengi wanafanya kinyume, wanatengeneza miaka mbili kisha wanagundua mbio waliyoitaka haipokei motoka yao.

Kuna mbio za sirkwi, njia ya kuzunguka, bega kwa bega, kama Goodwood Revival kule Uingereza, ilianza 1998 na inashika motoka za aina iliyokimbia pale kati ya 1948 na 1966, wakati sirkwi yenyewe ilikuwa hai. Kuna Monaco ya istorike tangu 1997, na Le Mans Classic tangu 2002 ambayo inagawanya motoka kwa miaka yao, kila kikundi na saa yake, mchana na usiku. Hizo tuziangalie mu telefone kwanza, bei yake siyo ya kucheza.

Kuna za kupanda mlima, motoka moja moja, unashindana na saa. Ya karibu yetu ni Simola, pale Knysna, Afrika Kusini, iko tangu 2009, njia ni kilometa 1.9 tu na motoka za zamani ziko na siku yao peke yao.

Kuna regilarite. Hapa hushindi kwa mbio, unashinda kwa kupita kila fasi kwa sekunde uliyopewa, ukifika mapema unaadhibiwa sawasawa na aliyechelewa. Mille Miglia ya leo njo iko hivyo: ile ya mbio kali ilikuwa 1927 mpaka 1957, ikasimamishwa juu ya ajali, ikarudi 1977 kama regilarite.

Halafu kuna ile ya vumbi, East African Safari Classic, iliyoanza 2003 kukumbuka miaka 50 ya Safari ya 1953, ile rally ya Afrika Mashariki. Maelfu ya kilometa za Kenya na Tanzania.

Ushauri wangu, na usinikasirikie: anza na regilarite ndogo ya siku moja ao mbili. Motoka inabakia nzima, unajifunza karatasi na saa, kopiloti wako anajifunza kunyamaza. Ile ya vumbi itakungoja.

KWA NINI 404

Juu iko hapa, sababu ya kwanza ni hiyo. Sababu ya pili ni historia yake, na historia njo inakufungulia mlango kwa waandalizi. 404 ilishinda Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ya 1963 na ya 1968 alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka ile yote mbili motoka zilizofika mwisho zilikuwa saba tu, saba! Za katikati alishinda Bert Shankland, mtu wa Tanzania. Sasa ukimuandikia muandalizi unamwambia niko na 404 ya 1966 inayotoka Katanga, anasoma barua yako mpaka mwisho. Ukimwambia niko na Corolla ya 1994 hata hatakujibu.

Kama iko Coccinelle pia ni muzuri, nayo ilishinda Safari za mwanzo mwanzo, lakini mimi naijua 404 kwa hiyo naandika ya 404.

KARATASI NA UTAMBULISHO

Usitoe visi hata moja kabla ya kupiga picha. Picha ya plaki ya namba, picha ya namba ya sasi, picha ya motere, ya ndani, ya chini, kila kona, na uandike tarehe. Mtu mmoja wa hapa alimpa fundi wa rangi motoka yote, yule kijana kwa bidii yake akasugua plaki mpaka ikabakia nyeupe kama sahani. Motoka ilitoka inang'aa lakini haina jina tena, na kuthibitisha mwaka wake ikawa safari ya mwaka mzima.

FIA, shirika la dunia la mbio za motoka, inagawanya motoka kwa herufi ya miaka yao. E ni 1947 mpaka 1961, F ni 1962 mpaka 1965, G1 ni 1966 mpaka 1969, na inaendelea hivyo. Maana yake 404 ya 1964 iko mu F, ya 1967 iko mu G1, na kila kitu unachoweka lazima kiwe cha herufi ile. Kitabu cha sheria kinaitwa Anekse K, kiko bure mu intaneti kwa Kifaransa, chapisha, weka mu garaje, ichafuke na mafuta.

Kwa mbio kubwa za kimataifa utaombwa pasipoti ya tekniki, wanaita HTP, inaandikwa motoka yote piyesi kwa piyesi na picha, inaishi miaka 10. Inapita kwa federasyo ya inchi, kwa hiyo anza mapema sana, na usijaze kwa kubahatisha: ukiandika karbiratere ya Solex kisha wakakuta Weber, shida ni yako. Kwa regilarite kuna karatasi nyepesi zaidi, na mbio ndogo wakati mwingine wanataka tu kuona motoka na asiransi. Uliza kwa maandishi, jibu la telefone halina shahidi.

Utafute pia karatasi ya omologasyo ya modeli yako. Pale njo imeandikwa piyesi gani kiwanda kilitangaza wakati ule, na mara nyingi kuna zawadi mule ndani, kitu ambacho ulifikiri kimekatazwa kumbe kiliruhusiwa.

KOKI (MWILI WA MOTOKA) NA CHUMA

404 haina sasi ya kutengana, mwili wenyewe njo unabeba. Kwa hiyo kutu siyo sura, ni mfupa. Toa tapi zote, toa ile gudro (lami) chini, gonga na bisibisi: sakafu chini ya miguu ya dereva, lonjero (mihimili) za pembeni, na fasi amortisere za mbele zinashikilia juu. Hapo juu ukiona nyufa ndogo kama za nyungu, usirudi barabarani mpaka umesuda (umechomelea).

Na vumbi yetu nyekundu, wandugu, inaingia mu kila tundu, inakamata maji ya mvua na inalala pale kama sifongo. Osha ndani ya lonjero kwa maji ya presha mpaka maji yatoke safi, acha jua la siku tatu, kisha mimina mafuta ya kuzuia kutu. Kazi ya bei rahisi kuliko zote na hakuna anayeifanya.

Hapa Artikle 15 inaruhusiwa: bati ya kusuda inaweza kutoka popote mradi unene na umbo ni sawa. Hairuhusiwi kuongeza vyuma vya kukaza ambavyo sheria haitaji, hata kama unajua njia ya Likasi inavyopiga.

MOTERE

Ni 1,618 cc, pisto ya milimita 84 na mwendo wa 73, imelala kwa digrii 45, kulasi (kichwa cha motere) ya aluminiamu, shemizi (zile bomba pisto zinatembea ndani yake) zinakaa ndani ya maji. Motere ya kusamehe sana lakini iko na mitego yake.

Mtego wa kwanza ni shemizi. Lazima kila moja itokeze juu ya bloku kidogo sana, sehemu ndogo za milimita, na zote nne sawa, ndipo jointi ya kulasi inakamata. Ukibadilisha jointi bila kupima shemizi utabadilisha tena wiki ijayo. Pima na komparatere, siyo kwa kidole. Ukishatoa kulasi usizungushe motere, shemizi zitanyanyuka na uchafu utaingia chini yake, halafu maji yatashuka mu mafuta. Kulasi yenyewe ipeleke kwa mtu wa mashini aipime kama imepinda, juu nyingi za hapa zilishapika mara tatu nne mu maisha yao.

Mtego wa pili, namba moja. Kwa Peugeot silinda ya kwanza iko upande wa volanti ya motere, kule kwa ambrayaji, siyo upande wa radiatere. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Nimeona mekano mzuri kabisa, mtu wa miaka 30 ya kazi, anazungusha delko siku nzima juu alikuwa anahesabu kutoka mbele.

Nafasi ya valve zikiwa baridi: milimita 0.10 kuingia, 0.25 kutoka. Visi platine 0.40. Na kondansatere nunua tatu, jaribu zote, weka moja kwenye motoka na mbili mfukoni, juu za siku hizi zinakufa bila kusema kwaheri.

Viti vya valve: motere hizi zilizaliwa wakati esanse ilikuwa na risasi, ile risasi ilikuwa inalinda viti. Inchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esanse ya risasi mwanzo wa 2006. Kwa kutembea mjini haina neno, kwa mbio ndefu valve inakula kiti polepole na nafasi inapotea, kwa hiyo ama unabadilisha viti kwa chuma kigumu ama unapima valve kila jioni. Mimi nimebadilisha, ni kitu hakionekani na hakuna komiseri amewahi kuniuliza.

Esanse usinunue ya kadafi (muuzaji wa njiani) kwa chupa, hata kama kadafi ni ndugu yako. Chuja hata ile ya pompi kubwa.

Sasa naomba utulie hapa, juu kitu hiki sijaona mtu anaandika kwa watu wa kwetu. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, presha yake iko chini ya ile ya pwani karibu 13 kwa mia, na nguvu ya motere inapungua karibu hivyo hivyo. (Wa Goma na Bukavu, nyinyi muko juu zaidi, inawahusu kuliko sisi.) Jikleri zenu, vile vitundu vya kupitisha esanse mu karbiratere, zimepangwa kwa hewa hii. Ukishuka mpaka Knysna ao Mombasa, fasi hewa ni nzito, esanse ile ile inakuwa kidogo kwa hewa mingi. Motoka itavuta vizuri, utafurahi, utasema kumbe hii motere ilikuwa na nguvu hivi! Na kama hauna bahati, baada ya saa moja ya mwendo mkali pisto inatoboka, juu mchanganyiko mkavu unawaka moto sana.

Fanya hivi. Beba jikleri kubwa za saizi tatu ao nne juu ya ile unayotumia. Namba iliyoandikwa ni sehemu za mia za milimita, 135 ni tundu ya 1.35. Ukifika, weka ile kubwa kwanza, siyo ile ya nyumbani. Weka bujii (plagi) mpya, tafuta barabara iliyofungwa ao sirkwi wakati wa mazoezi, vuta gazi mpaka chini kwa kilometa moja hivi, kata kontakti na ukanyage ambrayaji kwa pamoja, simama, toa bujii angali za moto. Rangi ya chai ya maziwa ni muzuri. Nyeusi na moshi, shuka saizi moja. Nyeupe kama chokaa, panda saizi na usiendeshe tena mpaka umebadilisha. Halafu angalia na avansi ya delko (cheche inakuja mapema kiasi gani), juu hewa nzito inapenda kugonga, ukisikia motere inalia kama misumari mu kopo rudisha avansi nyuma kidogo. Jikleri siyo kubadilisha motoka, ni reglaji, komiseri hana neno.

Radiatere: kwa metre 1,200 maji yanachemka karibu digrii 96, usisubiri 100 ya mu shule. Toa radiatere, piga presha, na ile ventilatere ya 404 inayojishika kwa umeme ikipata joto, wengi wameikaza moja kwa moja na visi. Irudishe kama ilivyokuwa, inakupa nguvu kidogo na komiseri anapenda.

DARAJA LA NYUMA, MUKUBA (SHABA) WETU

Hapa njo 404 nyingi za Lubumbashi zilikufia. Daraja la nyuma la 404 (ile akseli inayozungusha magurudumu ya nyuma) halina meno ya kawaida, iko na visi inayozungusha gurudumu la bronzi. Kiwanda kilitaka mafuta ya mbarika, yale ya mmea, siyo ya petroli. Mekano wetu wakaweka mafuta ya kawaida ya daraja, na yale makali yenye salfa yanakula bronzi polepole. Ukifungua kizibo na mafuta yanang'aa kama dhahabu, ile siyo baraka, ni gurudumu lako linaondoka.

Usichanganye aina mbili, mbarika na ya petroli yakikutana yanaweza kuganda kama ugali. Ukitaka kurudi kwenye mbarika fungua yote, osha yote, kausha, kisha weka. Na kama gurudumu limekwisha, tuko watu wa mukuba, wayeyushaji wa bronzi wako na turu za zamani za kampuni ya mgodi bado zinazunguka mu kartie. Chukua la zamani lote hata lililovunjika, mpe myeyushaji, mwambie bronzi ya kazi siyo bronzi ya sanamu, na mpime pamoja. Hii njo Artikle 15 ambayo hata Monaco wangeipigia makofi.

FRENI

404 za kwanza ziko na ngoma pande zote, za mwisho mwisho ziko na diski mbele. Usihamishe diski kwenye motoka ya 1964, utatolewa. Ngoma ikiwa sawa inasimamisha, shida yake ni joto: mara ya kwanza inakamata, mara ya tano mguu unashuka mpaka sakafu.

Badilisha mipira yote, ya metre-silinda na ya magurudumu, hata kama haivuji. Diriti za freni, zile tatu za mpira, tupa hata kama zinaonekana nzuri, juu zinavimba ndani na gurudumu linabakia limeshika. Ngoma ipeleke kwa turu ila angalia isipite saizi ya mwisho. Ganitire (zile zinazosugua ngoma) mpya zisuguliwe zikae sawa na ngoma, uso wote ukamate, siyo katikati tu.

Maji ya freni yanakunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inachemka kwa digrii 230 ao zaidi, ikishakunywa maji inaweza kushuka karibu na 155. Badilisha yote siku chache kabla ya kila mbio, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie. Mu parseli yetu kulikuwa na chupa moja ilikaa juu ya kabati tangu nikiwa kijana, kila mtu alikuwa anamimina kidogo kidogo kama dawa ya tumbo. Nilipoanza kuelewa niliogopa tulivyokuwa tunashuka zile njia za mlima.

UMEME NA USALAMA

Waya za zamani toa zote. Naam, zote. Komiseri atatafuta kup-sirki, ile inayokata umeme wote na kuzima motere, mtu wa nje aweze kuivuta, na alama yake ni cheche nyekundu mu pembetatu ya bluu yenye ukingo mweupe. Ekstenteri (ya kuzima moto) iko na herufi E nyekundu mu duara nyeupe, na ifanyiwe servisi kila miaka miwili, tarehe ionekane. Batiri ifungwe na chuma, siyo na kamba ya mpira, ncha zake zifunikwe. Kikopo cha kukamata mafuta ya motere kiwe cha litre 2 kwa motere isiyozidi 2,000 cc. Springi ya kurudisha gazi ziwe mbili. Ukuta kati ya motere na wewe usiwe na tundu hata la waya uliotolewa.

Mikanda, viti na tanki la mpira vina tarehe ya kufa. Kiti cha FIA cha kizazi cha 8855-1999 ni miaka 5. Mikanda ya kizazi kipya ni miaka 10, ya zamani ilikuwa 5. Usinunue mkanda wa mitumba bila kusoma etiketi, nimeona mtu amelipa dola zake kwa mkanda mzuri sana uliokwisha miaka saba iliyopita. Kaske, kombinezo, glovu, soksi, vyote viwe na etiketi ya FIA inayokubalika mwaka ule. Kwa regilarite mara nyingi hawadai vyote hivi, lakini ekstenteri na mikanda mizuri weka tu. Arso (vyuma vya kukinga watu motoka ikipinduka) kama utaweka, fuata michoro ya Anekse K, usimwachie msudaji abuni.

Pine: soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. 404 inavaa 165 za inchi 15. Kwa mbio ya kasi usipande pine ya zaidi ya miaka sita hata kama meno ni mapya, na ukiipeleka kwa kwado (mtu wa kuziba pine) mwambie asiweke ile kiraka cha kamba.

KOPILOTI NA HESABU ZA SAA

Stirling Moss alishinda Mille Miglia ya 1955 kwa saa 10 dakika 7 na sekunde 48, lakini pembeni yake alikuwa Denis Jenkinson na karatasi ndefu iliyoviringishwa mu kisanduku, anasoma kila kona na kuonyesha kwa mkono juu sauti haikusikika. Kopiloti wako achaguliwe kwa kichwa, siyo kwa urafiki. Na asiwe mtu anayetapika akisoma mu motoka.

Regilarite inataka hesabu moja tu: gawa 3,600 kwa kasi uliyopewa, unapata sekunde za kilometa moja. 50 kwa saa ni sekunde 72. 48 ni 75. 45 ni 80. 40 ni 90. Kwa hiyo ukiambiwa 48 mpaka kilometa 6.3, ni 6.3 mara 75, sekunde 472.5, yaani dakika 7 na sekunde 52 na nusu. Halafu kasi ikishuka 40, kila kilometa unaongeza 90 juu ya pale. Andika tablo mapema, kila metre 100, kwa mkono, herufi kubwa, bandika mbele ya kopiloti.

Ila kabla ya hapo kontere yako ya kilometa lazima iseme ukweli. Waandalizi wanatoa kipande cha kupimia. Kama wao wanasema kilometa 10 na yako inaonyesha 10.25, basi kila umbali wa rodbuku (kitabu cha njia) unazidisha kwa 1.025: njia ya kukata iliyoandikwa 4.00 kwako itakuja kwenye 4.10. Fanya kipimo na pine zile zile na presha ile ile ya mbio. Ukibadilisha pine katikati, unapima upya.

Mazoezi ni bure, hapa hapa. Jumapili asubuhi mapema, njia ya Kipushi, mpe kopiloti saa na tablo, msimamishe mtu kila kilometa tano na telefone yake. Mara ya kwanza mtakosea kwa sekunde ishirini na mtagombana. Mara ya sita mtakosea kwa mbili.

KASUMBALESA

Motoka ya mbio usiiendeshe mpaka kwenye mbio. Iweke juu ya remorke ao kamio. Mpaka wa Zambia, Kasumbalesa, uko karibu kilometa 90 na pale foleni ya makamio ya mukuba haina huruma. Tafuta dekleran (mtu wa karatasi za duane) anayejua kutoka kwa muda, siyo anayejua kuuza nje, ni karatasi mbili tofauti. Uliza mapema inchi unayoingia inataka carnet ya duane (kitabu cha kupitisha motoka kwa muda) ao dhamana ya pesa, na uandike orodha ya kila piyesi unayobeba na thamani yake, kila jikleri, kila bujii, juu ukirudi nazo bila orodha utalipa kana kwamba umezinunua nje. Namba ya motere kwenye karatasi rozi (ya motoka) iwe ile ile ya kwenye bloku. Hii ya mwisho imerudisha watu wengi kuliko kutu.

Weka siku mbili za ziada. Kisha weka ya tatu.

ASUBUHI YA VERIFIKASYO

Osha motoka, hata chini. Komiseri akiona usafi anaamini mkono wako, akiona gudro na mafuta anaanza kutafuta. Mafaili yote mu kasha moja, kaske na kombinezo juu ya kiti. Akikuonyesha kosa usibishe, uliza litengenezwe vipi na saa ngapi arudi kuangalia. Sisi tuko na tabia ya kueleza sana.

Njiani, bendera ya njano ni hatari, hakuna kupita mtu. Nyekundu, unapunguza na kufuata waliyosema mu brifingi. Ya bluu, kuna mwenye mbio nyuma yako, mwachie. Nyeusi yenye duara ya oranji na namba yako, motoka yako imeharibika, rudi sasa, mara nyingi ni mafuta yanamwagika na wewe huoni. Na lapu ya kwanza ya mazoezi ni ya kusikiliza, pua na masikio, dereva anayesukuma lapu ya kwanza anatafuta kitu kingine.

UKIRUDI

Motere ikipoa kabisa, kaza kulasi tena kwa mpangilio wake, pima valve, fungua mafuta ukiwa bado na kumbukumbu ya sauti zote. Mafuta ya daraja angalia rangi. Tanki usiliache nusu, ama jaza ama kausha. Rudisha jikleri za Lubumbashi kabla hujawasha motoka hapa, juu zile za pwani zitaizamisha kwa esanse na utatukana karbiratere bure. Mimi niko na kijitabu cha shule, kila ukurasa mji mmoja: jina la mji, metre juu ya bahari, jikleri, avansi, rangi ya bujii. Ukurasa wa Lubumbashi umechakaa mpaka nimeufunika na skochi.